Bomba Jekundu Halionekani Juani

Mlangoni mwa karakana yangu kuna maandishi niliyoyaandika mwenyewe: HAPA HATUBANI MAFUTA. Herufi zimepinda, maana mimi ni fundi wa pikipiki, si mchoraji. Anayejua kusoma anasoma, na asiyejua namsomea, tena kwa sauti ya kumtosha yeye na jirani yake. Ndiyo maana wateja wananiita Mama Spana, na nikiwapa kisogo wananiita Mama Kelele. Najua. Masikio yangu hayajaziba.

Kubana mafuta ni hivi. Ndani ya kabureta kuna kitundu kidogo, tunakiita jeti, ambacho petroli hupitia kwenda kwenye injini. Mjanja huchukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, mwembamba kama unywele, akauchomeka humo. Petroli inapita kidogo, na mwenye pikipiki anakwenda mbali kwa lita zilezile huku akijiona bingwa. Anasahau kwamba injini haidanganyiki. Watu wengi wanaamini mafuta mengi ndiyo moto mwingi. Sivyo. Petroli ikipungua na hewa ikazidi, moto unawaka polepole na unachelewa kumaliza kazi. Mlango wa kutolea moshi unafunguka moto ukiwa bado unawaka, unatoka nao nje, na kilichotakiwa kuishia ndani ya injini kinaishia kwenye bomba. Tena petroli ya kutosha hupoza injini kidogo inapoingia, na hapo hata hicho kipoozo hakipo. Shingo ya bomba, pale linapochomoza kwenye injini, inaiva kama kaa la moto.

Baya zaidi ni kwamba mchana huoni. Jua linaufunika ule wekundu kabisa. Bomba linaweza kuwa la kukaangia na wewe unaliona la kawaida, na kivuli tu ndicho kinachosema ukweli. Kwa hiyo nyuma ya karakana nina chumba cha giza, cha mabati, chenye upenyo juu wa kutolea moshi. Kila pikipiki niliyoigusa naiingiza humo. Mtu mmoja anashika mkono wa mafuta kwenye usukani, mimi nachuchumaa, mlango unafungwa, tunatazama shingo ya bomba kwa dakika chache. Likibaki jeusi, safari njema. Likianza kuiva, hatoki mtu. Miaka ishirini na sita sijawahi kuiruka hatua hiyo, mpaka asubuhi ya mkwe wangu.

Nina binti mmoja tu, na huyo mmoja aliolewa na kijana mwenye adabu mpaka inachosha. Akija kwangu anazima pikipiki mbali, anaisukuma, anavua kofia, ndipo anaamkia. Miaka mitano ya ndoa sijawahi kumwona akitafuna. Mimi nami nikiwa mbele yake sauti inanibadilika, nazungumza kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Ukwe ni ukwe. Mimi ninayemfokea mteja yeyote, hata askari mwenye kitambi, kwa mkwe wangu ulimi unakuwa na asali nisiyojua imetoka wapi.

Asubuhi ile walikuja watatu: yeye, binti yangu, na mjukuu wangu wa miaka minne tunayemwita Kasuku, kwa sababu hakuna neno linaloingia sikioni mwake likakosa kutokea mdomoni. Walikuwa wanakwenda ng'ambo ya mlima kumsalimia mama yake mkwe wangu. Yule mama alikuwa ameugua miezi mingi, na mara ya mwisho kumwona mtoto, mtoto alikuwa anatambaa.

"Mama, samahani," mkwe akasema, mikono nyuma. "Kama haitakuwa usumbufu. Kule mbele hakuna kituo cha mafuta. Nilikuwa nauliza tu, kama inawezekana, kuibana kidogo."

Yale maandishi yalikuwa juu ya kichwa chake, pale pale. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia arudi nje aanze upya kuingia.

"Hakuna shida, mkwe wangu," nikasema.

Binti yangu alinigeukia macho yamemtoka. Amekulia chini ya yale maandishi, spana alizijua kabla ya kujua vijiko. "Mama?" akasema.

"Mpeleke mtoto msalani kabla hamjaondoka," nikamjibu.

Nikafanya kazi vibaya. Siongopi wala sijitetei. Kuchuchumaa na kubinuka mbele ya mkwe si jambo dogo. Kila nikiinama navuta gauni, kila nikivuta gauni napoteza nati. Yeye amesimama tu kwa heshima zake, hasogei, hakai, ameishika kofia yake kama yuko kanisani. Nikaitoa kabureta, nikaiosha kwenye bakuli la petroli, nikachomeka ule uzi wa shaba, nikairudisha, nikakaza. Injini ikawaka. Mlio ulikuwa juu kidogo kuliko nilivyotaka. Siku nyingine ningejiuliza kwa nini. Siku ile nikaushusha kwa skrubu, ukatulia, nikajiona fundi.

Kikabaki chumba cha giza. Na hapo ndipo akili ilipokwama, kwa sababu binti yangu alikuwa bado msalani na mtoto, na wa kushika mkono wa mafuta alikuwa mkwe peke yake. Mimi na mkwe wangu, gizani, mlango umefungwa? Yeye mwenyewe aliutazama ule mlango wa bati, kisha akatazama chini. Ningemsubiri binti yangu dakika mbili tu. Dakika mbili! Lakini aibu haihesabu dakika. Nikasema, "Tuiangalie hapa hapa nje, inatosha," tukaiangalia juani, na bomba likaonekana jeusi kama bomba lingine lolote.

Halafu mkwe akafunga kidumu cha njano. Lita tano za petroli, kwenye gadi ya mbele, zile nondo za kukinga injini, upande wa kulia, kwa sababu nyuma kulikuwa na begi na sufuria mpya ya zawadi. Alikifunga kwa kipande cha tyubu, kikaning'inia kiganja kimoja tu kutoka shingo ya bomba. Nilikiona. Nilifungua mdomo niseme, na kilichotoka ni, "Msalimie sana mama."

Wakaondoka. Kasuku alipunga mkono mpaka wakakata kona.

Haikupita nusu saa akaja muuza mikate kuchukua pikipiki yake niliyokuwa nimeibadilishia breki. Akakaa kwenye benchi na kuanza kunisimulia habari ya jirani yake. Mimi namsikiliza kwa sikio moja, naosha vifaa. Nikamwaga bakuli la petroli kwenye kopo, na chini ya bakuli kikabaki kitu cheusi cha duara.

Pete ya mpira. Oringi ya kabureta. Ndiyo inayokaa kati ya kabureta na injini kuzuia hewa isipenye pembeni. Nilikuwa nimeitoa ioshwe, nikaisahau.

Nikakaa chini, sakafuni, pale pale kwenye oili.

"Vipi tena?" akauliza muuza mikate.

Nilikuwa nahesabu. Petroli nimeibana kwa mkono wangu. Hewa nimeifungulia mlango kwa mkono wangu. Ule mlio uliokuwa juu ilikuwa ni injini ikinilalamikia kwamba inavuta hewa pembeni, nami nikaiziba mdomo kwa skrubu. Bomba lile lisingekuwa na njia nyingine ila kuiva. Na karibu nalo lita tano za petroli kwenye plastiki, zimeshikiliwa na mpira. Na nyuma ya petroli mkwe wangu, binti yangu, na katikati yao mtoto.

Nikampigia binti yangu. Simu ikaita ndani ya karakana, kwenye rafu, alikoiweka ichajiwe akaisahau. Nikampigia mkwe. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mkwe wangu hapokei simu akiwa anaendesha, ni mstaarabu hata huko. Nilitamani siku hiyo moja awe mhuni.

"Nipe ufunguo," nikamwambia muuza mikate.

"Wa nini?"

"Wa pikipiki yako."

"Mama Spana, ina mikate ile! Sanduku zima!"

"Itapata matembezi." Nikachukua spana tatu, bisibisi, na ile pete nikaitia mfukoni mwa gauni. Alipoona sura yangu alinipa ufunguo na kofia yake inayonuka hamira.

Njia ya mlimani naijua. Mwanzo ni lami nzuri, nyumba, maduka ya mbao, kisha mashamba. Niliikamua ile pikipiki mpaka sanduku la mikate likawa linagonga kama mtu anataka kutoka. Kila nilipoona mbele pikipiki yenye watu watatu moyo uliruka, na kila nilipoipita nikaona ni wengine ulianguka. Nilizungumza peke yangu ndani ya kofia. Nikawa namwambia mkwe: simama unywe maji. Simama mtoto ajinyooshe. Simama kwa sababu yoyote. Kisha nikakumbuka kwamba kusimama kwenyewe ni hatari, maana pikipiki inayotembea inapozwa na upepo, na iliyosimama inaunguruma haina wa kuipoza. Sikujua tena niombe nini. Nikaomba tu.

Mwanzo wa mlima kulikuwa na matengenezo ya barabara. Magari yamepangwa foleni, upande mmoja unasubiri mwingine upite. Nikapenya pembeni mpaka mbele, kwa mama mmoja aliyevaa koti la kung'aa na kushika bendera mbili, nyekundu na ya kijani.

"Rudi kwenye foleni," akasema.

"Dada yangu, nisaidie. Umeona pikipiki, kijana, mwanamke na mtoto wa kike? Kidumu cha njano mbele?"

Akanitazama vizuri. "Yule wa bomba?"

Nikazima injini nimsikie. "Bomba gani?"

"Walisimama hapa kama dakika kumi. Hakuzima injini, alisema ikizimwa inasumbua kuwaka. Lori likasogea, kivuli chake kikawafunika, ndipo nikaona bomba jekundu. Jekundu kabisa! Nikamwambia, kaka, pikipiki yako inaungua. Akatazama, akaona. Hakukataa."

"Akasema nini?"

"Akasema, fundi wangu ni mama mkwe wangu, asubuhi hii hii kanitengenezea kwa mikono yake, haiwezi kuwa mbovu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mkewe alitaka washuke. Mumewe akamwambia, ukishuka nitamwambia nini mama?"

Yule mama alitazama gauni langu la oili, akatazama mikono yangu. Alinyanyua bendera ya kijani kabla ya zamu yetu, akalizuia lori kwa ile nyekundu, nikapita.

Nimetukanwa sana katika kazi hii. Nimeambiwa mwanamke gani huyu, nimeambiwa nirudi jikoni. Hakuna tusi lililowahi kunichoma kama sifa zile.

Mlima ule una kona nyingi, ukuta wa mawe kushoto, bonde kulia. Kona ya tatu nikaona moshi. Moshi mweusi, mzito, unapanda kutoka nyuma ya mwamba. Nikajisikia nikisema "hapana, hapana, hapana" kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Mikono ilitaka kushika breki, ila nikailazimisha. Nilipokata kona nikakuta pipa. Pipa la lami linachemshwa, wanaume wanne wamesimama na makoleo. Mmoja akanipungia. Nikapita nikilia, na machozi ndani ya kofia hayana pa kwenda.

Kona mbili mbele, katikati ya barabara, kulikuwa na kitu kama mjusi aliyekanyagwa. Nikakijua kabla sijakifikia. Kipande cha tyubu. Nikasimama, nikakiokota. Ncha moja ilikuwa imefungwa fundo zuri, fundo la mtu mwenye adabu. Ncha nyingine ilikuwa imeyeyuka, inanata kwenye vidole.

Sikumbuki kona iliyofuata.

Niliwaona kwenye daraja dogo. Kwanza pikipiki, imesimama peke yake upande wa bonde, imezimwa. Kisha kidumu cha njano, mbali kabisa, ng'ambo ya barabara kwenye majani, kimebonyea ubavuni na kutoboka karibu na shingo, petroli imelowesha majani. Kisha binti yangu, anapanda kutoka kwenye kijito na ile sufuria ya zawadi imejaa maji. Kisha Kasuku, amekaa juu ya begi, mzima, viatu vimevuliwa. Na mkwe wangu amesimama wima, kofia mkononi, amejiegemeza kidogo kwenye ukingo wa daraja.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mkwe wangu," nikasema, na sauti ya tangazo la msiba ikarudi yenyewe. Mtu ana wazimu gani? "Hamjambo?"

"Hatujambo mama. Pole na safari. Tumepumzika kidogo tu hapa, mtoto alichoka."

"Mmefanya vizuri kupumzika."

"Ndiyo mama. Pikipiki haina neno. Mimi nilikifunga kidumu vibaya kikaanguka. Kosa langu."

Binti yangu aliweka sufuria chini kwa kishindo, lakini aliyesema si yeye.

"Bibi," akasema Kasuku, "baba ameungua mguu. Mpira ulikatika, kidumu kikaenda kwenye moto, baba akaweka mguu. Akatuambia shukeni, shukeni, kimbieni! Tukakimbia. Baba alilia. Tena amesema nisikuambie wewe."

Chini ya daraja maji yalikuwa yanakwenda zake.

Nikatazama mguu wake wa kulia. Alikuwa ameurudisha nyuma ya ule mwingine, kama mtoto anayeficha daftari lenye kosa. Suruali ilikuwa nyeusi tangu chini ya goti hadi karibu na kifundo, na pale peusi palikuwa pameshika ngozi. Nikaona yote yaliyotokea bila kuelezwa. Kidumu kimefunguka upande mmoja, kimebembea kwenye bomba jekundu, na yeye ameuchomeka mguu katikati, mguu wake upande mmoja, petroli upande wa pili. Akaushikilia hapo, pikipiki ikipunguza mwendo, mpaka mke na mtoto wakashuka. Ndipo alipoling'oa lile dude akalitupa.

"Kaa chini," nikasema.

"Mama, si kitu, ni kama..."

"KAA CHINI, MPUMBAVU WEWE!"

Mlima ukanirudishia sauti yangu. Hata Kasuku alifunga mdomo. Miaka mitano ilikuwa imekusanyika kwenye neno lile, akakaa kama aliyekatwa kamba.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikachukua mkasi kwenye begi la binti yangu, nikakata suruali kuanzia chini, kuzunguka pale iliposhika, nisipavute. Sijawahi kuuona mguu wa mkwe wangu. Nisingependa kuuona vile. Binti yangu akawa anamwaga maji taratibu, sufuria baada ya sufuria, anashuka kijitoni na kupanda. Nikamwambia asiache, dakika ishirini, asipake kitu chochote, asimsikilize mtu yeyote wa dawa ya meno. Mkwe aling'ata kamba ya kofia. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Uliona jekundu," nikamwambia. "Kule kwenye bendera. Uliliona kwa macho yako."

"Niliona, mama."

"Ukaendelea."

"Ningefanya nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningerudi nikwambie kazi yako mbaya? Wewe? Watu wote wanajua wewe ni fundi gani. Nikasema labda ni mimi sielewi."

"Una mke nyuma na mtoto, na mbele una petroli. Heshima gani hiyo? Heshima ya kuzikana?"

Nikaona nimemwonea, maana yale niliyokuwa namwambia yalikuwa yangu. Kimya kilikuwa changu kwanza. Cha kubana, cha chumba cha giza, cha kidumu. Yeye alikiiga tu. Nikatia mkono mfukoni, nikaitoa ile pete, nikaiweka kwenye kiganja chake.

Akaigeuza. "Hii ni ya nini?"

"Ni ya pikipiki yako. Niliisahau kwenye bakuli, nikaikuta baada ya kuondoka kwenu. Bomba limeiva kwa sababu yangu. Mpumbavu wa pili ndiye huyu amepiga magoti."

Aliitazama tena. Nilikuwa tayari kwa neno lolote, hata lile ambalo mwanamke haambiwi na mkwewe. Akanirudishia pete, akasema, "Basi iweke, mama. Binti yako hawezi kunibeba."

Binti yangu akaangua kicheko, kicheko chenye kilio ndani yake, akarudi kijitoni na sufuria.

Ikabidi iwekwe kweli, maana kituo cha afya kilikuwa chini ya mlima, ng'ambo, na sisi tulikuwa wanne. Mgonjwa nitambeba mimi, kati yangu na sanduku la mikate, mtoto ataletwa na mama yake kwa pikipiki yao. Nikamfungulia Kasuku sanduku, akakaa anakula mkate na kunihesabia nati kwa sauti. Kidumu nilikiacha kulekule. Nikaitoa kabureta. Safari hii nilibinuka nilivyotaka, gauni likaenda lilikotaka. Nikautoa ule uzi wa shaba, nikautazama: kitu kidogo kuliko unywele wa mtoto. Nikautupa bondeni. Nikaweka pete, nikakaza, nikahakikisha kwa kidole, nikahakikisha tena.

Binti yangu alikuwa ameshaufunika ule mguu kwa kanga safi iliyolowa. Nikasukuma pikipiki mpaka mbele ya mkwe alipokaa. Ikawaka nilipojaribu mara ya pili. Mlio wake ulikuwa wa chini, wa kuridhika, lakini sikuuamini. Mlio ulishanidanganya asubuhi, au mimi niliudanganya. Nilitaka kuliona bomba, na jua lilikuwa utosini.

"Hapa hakuna chumba cha giza," akasema mkwe.

Nikamtazama. Alikuwa anajua. Asubuhi ile alijua kama mimi nilivyojua kwamba tunairuka hatua, tukaachiana kwa aibu.

"Kipo," nikasema.

Nikafungua kitenge changu cha kiunoni, kile kizito. Nikamwambia binti yangu ashike mkono wa mafuta, asiongeze wala asipunguze. Nikakirusha kitenge juu yetu, mimi na mkwe wangu, nikakiinua kwa mkono kisiguse bomba, upande wa upepo nikauacha wazi. Giza likaingia, joto likaingia, harufu ya petroli na ngozi iliyoungua. Vichwa vyetu vilikuwa vimegusana. Nilimsikia akipumua kwa maumivu, na nadhani naye alinisikia nikilia, ila hakuna aliyesema pole.

Nje Kasuku alikuwa anauliza, "Bibi na baba wanafanya nini humo?" na mama yake akamwambia, "Wanafanya kazi."

Tukatazama shingo ya bomba. Nyeusi. Injini inaunguruma, na mimi nangoja ule wekundu uanze, ule wa kwanza, unaokuja kama mtu anayeona aibu. Mkono uliokuwa umeinua kitenge ulianza kushuka. Mkwe akainua wake, akakishikilia kitenge pamoja na wangu.

"Jeusi, mama," akasema.

"Nyamaza utazame," nikamwambia. "Bado dakika mbili."